Chombo Kimekwama, Fundi Yuko Wapi?

Jamani, mimi nimemchoka Kapteni Jack.

Mnamjua. Ni yule bwana mwenye kidevu cha kuchonga, anayesimama mbele ya kioo cha chombo cha anga wakati injini zimezima, taa nyekundu zinawaka na kuzimika, maadui wanasogea na mitutu ya leza, naye anasema kwa sauti nzito, "Hatutakufa leo." Kijiwe chetu cha waandishi hapa Ruanda kinampokea karibu kila mwezi. (Nasema Ruanda hii ya Mbozi, mkoa wa Songwe, penye kahawa na mahindi. Msije mkatuma barua Kigali.) Majina hubadilika, safari hii ni Jack, safari ijayo ni Steve, lakini hadithi ni ile ile. Chombo kimekwama, chombo kinashambuliwa, Mwafrika mmoja aliyemo ndani, kama yumo, anauawa ukurasa wa pili, na mwisho inakuja meli ya Wamarekani kuwachukua waliobaki. Maneno ni ya Kiswahili, sikatai. Lakini ikamue hadithi nzima, hupati hata tone la Kiswahili.

Ningeishia hapo, ningekuwa mzee mwingine tu wa kulaumu vijana, na wazee wa namna hiyo tunao wa kutosha. Ugomvi wangu mkubwa leo si na Jack. Ni na wanaotaka kumfukuza Jack pamoja na chombo chake, wakatubakishia kibanda cha bibi na mtungi.

Sikilizeni. Binti mmoja wa hapa kwetu, ana miaka kumi na tisa, aliandika hadithi ya kurasa kumi na moja kuhusu chombo kilichoishiwa nguvu nyuma ya mwezi. Akaituma kwa mhariri mmoja wa mjini, simtaji. Ikarudi na kikaratasi chenye mistari mitatu. Kwamba lugha ni nzuri. Kwamba anga si mazingira yetu. Kwamba aandike yale anayoyajua, kwa mfano mila potofu, ndoa za utotoni au UKIMWI.

Hivi kweli, ndugu zangu? Msichana wa Mbozi anajua ndoa za utotoni tu? Hajui kitu kingine chini ya jua wala juu yake?

Tuanze na hilo la mazingira. Mwenye shaka kwamba anga ni mazingira yetu apande basi mpaka Mbozi, aulize njia ya Ndolezi. Pale kwenye mteremko wa kilima cha Marengi kuna pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 hivi, na halikuchimbwa wala kufuliwa na mtu yeyote. Limetoka angani. Ni chuma kwa kiasi cha asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Ni kimojawapo cha vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aliyetoka Johannesburg. Kiligunduliwa! Kana kwamba Wanyiha waliokuwa wakilima pembeni yake walikuwa wakidhani ni mbuzi amelala. Mwaka huo huo wataalamu wa miamba walikata kipande kidogo cha sentimita kama 10, na kazi hiyo ikawachukua saa kumi kwa misumeno ya kawaida ya chuma. Mpaka leo alama ya mkato unaiona.

Jambo linaloniumiza ni hili. Kimondo kile hakina shimo la kuangukia. Wataalamu wanasema maana yake ni kwamba kilianguka zamani mno, maelfu ya miaka, hata mvua na udongo vikafukia jeraha lote. Palepale, katika ardhi hiyo hiyo, wakaja watu waliojenga matanuru ya udongo na kuyeyusha chuma cha mawe kwa ufundi ambao wageni waliuandikia makala. Yaani Wanyiha walikuwa mafundi chuma, wameishi jirani na chuma cha mbinguni. Sisemi walikigusa, sina ushahidi. Nasema hadithi imelala hapo, tani 16, serikali imeifanya kumbukumbu ya taifa tangu 1967, watoto wa shule wanapelekwa kwa basi kupiga picha wameikalia, halafu mtu anakuja kutuambia anga si mazingira yetu! Ingekuwa imeangukia jimbo fulani la Marekani mngeshaangalia filamu zake saba.

Na si kimondo tu. Unguja kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga. John Glenn alipozunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alipopita juu ya Afrika mojawapo ya sauti zilizomwita kutoka chini ilitoka Zanzibar. Wapo Waunguja waliokuwa wakiandamana kukipinga kituo hicho, wakiamini ni cha makombora, na ukiwaza dunia ilivyokuwa wakati ule huwezi kuwacheka. Januari 1964 yakaja Mapinduzi, Wamarekani wakaondolewa kwa manowari, na miezi michache baadaye serikali ya Karume ikataka kituo kifungwe. Hebu fikirini, enyi mnaotafuta mashambulizi: mafundi wamekaa na mitambo inayozungumza na nyota, nje ya dirisha nchi inapinduka. Hapo mwandishi anahitaji leza ya nini? Na ukiwa mwandishi wa kweli utakaa dirishani upande wa nje, pamoja na yule mkulima wa mihogo anayeangalia ule mlingoti na kujiuliza unamsikiliza nani.

Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, Waitaliano walirusha kutoka kwenye jukwaa lao la San Marco baharini setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wakaipa jina Uhuru. Neno letu, lilikwenda angani kabla wengi wetu hatujazaliwa, na lipo katika vitabu vya wanajimu wa dunia nzima hadi leo. Mwaka 2023 Kenya ikapeleka setilaiti yake yenyewe, Taifa-1. Na mwisho wa Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku kule Makueni, pete ya chuma yenye uzito wa kama kilo 500 ilidondoka kutoka juu, takataka ya roketi ya watu. Sisi tumelala, anga inatuletea hodi mpaka shambani.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko ng'ambo ya geti la Tunduma. Ukivuka Nakonde umeingia Zambia, na Zambia ndiyo nchi ya Edward Makuka Nkoloso. Mwaka 1964, wakati Zambia inapata uhuru, mwalimu huyu aliyewahi kupigania vita ya dunia na kisha kupambana na wakoloni, alitangaza kwamba atapeleka Wazambia mwezini na Mirihi, akiwemo msichana Matha Mwamba. Mazoezi yalikuwa kuingizwa ndani ya pipa la mafuta na kubiringishwa kwenye mteremko. Akaomba UNESCO pauni milioni 7. Waandishi wa habari wa Ulaya wakaja na kamera, wakacheka mpaka wakatoka machozi. Wapo wanaosema leo kwamba Nkoloso mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwacheka wao. Mimi najua hivi: kilichowachekesha wazungu si pipa. Watu wao nao walikuwa wanabiringishwa, ndani ya mashine za bei mbaya. Kilichowachekesha ni Mwafrika kuthubutu kusema kesho. Na mhariri wetu wa mistari mitatu, bila kujua, anacheka kicheko kile kile.

Labda atajibu kwamba anazungumzia fasihi, si historia. Vizuri. Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951, nchi yake aliiweka wapi? Hewani! Nchi nzima inaelea, na wajumbe wake wanatumwa pande zote, mmoja mpaka mbinguni, mmoja ardhini, wakirudi na habari za neema wanatiwa gerezani. Kama angepeleka mswada ule leo angeambiwa hewani si mazingira yetu, andika kuhusu Tanga. Na mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya, mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini 1986, alitoa riwaya yake Walenisi. Ndani yake Dzombo anahukumiwa kifo kwa kupakiwa katika chombo cha angani. Kile chombo ni jeneza. Lakini Dzombo anakimudu, anatua kwenye sayari ngeni iitwayo Walenisi. Lisome polepole jina hilo, utaona ni wale ni sisi. Sasa niambieni, kuna chombo cha anga kilicho hatarini kuliko hicho? Na kuna Jack humo? Hakuna. Yumo mtu mmoja anayeishika mashine iliyotengenezwa kumwua, anajifunza kuiendesha.

Kwa hiyo tuwaache wazee. Turudi kwenu, washikaji, maana kesi yenu bado.

Ubaya wa hadithi zenu si kwamba ziko angani. Ubaya ni kwamba hazijafika angani. Mnaandika bomu linalia "buuum!" huko juu, ambako hakuna hewa ya kubeba sauti. Mtu akivunja kioo cha chombo chako, anayetazama kutoka nje hasikii kitu, na ukimya ule unatisha kuliko mlio wowote, lakini mmeutupa. Mnaandika Kapteni anampigia simu mkewe duniani kutoka Mirihi na mke anajibu papo hapo. Nuru yenyewe, inayokimbia kuliko kitu chochote, hutumia dakika kama 3 kufika Mirihi ikiwa karibu, na zaidi ya 20 ikiwa mbali. Mume anasema "nakufa," mke anaipata baada ya dakika ishirini, anajibu "usife," nalo jibu linachukua dakika ishirini nyingine. Dakika arobaini! Mmepewa huzuni ya bure kabisa na sheria za maumbile, ninyi mnaona uvivu hata kuiokota.

Na chombo kikikwama, mbona hakuna anayekitengeneza? Hapa ndipo nawashangaa zaidi, maana ninyi ni watoto wa barabara ya Zambia.

Wazungu wenyewe hadithi yao kubwa ya chombo kilichokwama haina adui hata mmoja. Ni Apollo 13, Aprili 1970. Tangi la oksijeni lililipuka wakiwa umbali wa zaidi ya kilometa 300,000, umeme ukaanza kuisha, watu watatu wakahamia kwenye kile chombo kidogo cha kutulia mwezini ambacho kilipangiwa watu wawili kwa siku mbili. Wakakaa humo kama siku nne. Adui yao alikuwa pumzi yao wenyewe, hewa chafu inayojaa. Vichujio vya akiba vilikuwa vya mraba, matundu yake ni ya duara. Basi mafundi wa duniani wakakaa mezani na vitu vile tu ambavyo wenzao wanavyo huko juu: mifuko ya plastiki, mpira wa hewa wa nguo za angani, makaratasi magumu ya majalada, na selotepu. Wakaunda kifaa, wakawasomea jamaa redioni hatua kwa hatua, jamaa wakafunga, hewa ikasafika. Walitua salama tarehe 17.

Mifuko, majalada na selotepu! Hiyo si lugha ya Houston peke yake. Nendeni Senjele. Simameni pale mlimani wakati lori la mzigo wa Kongo limekata breki likaegama. Mtaona utingo anakata matawi ya miti, anayapanga barabarani umbali wa hatua thelathini, na kila dereva anayekuja anaelewa kwamba mbele kuna chombo kimekwama. Mtaona fundi anatoka uvunguni na rejeta mkononi, ameiziba kwa sabuni ya mche. Mtaona mpira wa tyubu unafunga bomba lililopasuka, unafika nalo Makambako. Dereva halali, kwa sababu giza likiingia watakuja watu na visu kuchana turubai, na wengine na mpira wa kunyonyea dizeli. Kwa hiyo kuna chombo kilichokwama, kimezungukwa, chakula kinakwisha, tajiri yuko mbali anapiga simu kufoka, na kwenye foleni ya Tunduma mwenzao aliyetangulia amekaa siku kadhaa anasubiri karatasi moja. Watu wazima wawili ndani ya kibanda cha lori, wanagawana chupa moja ya maji na kusimuliana maisha yao kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Mnapita hapo kila siku, mnaziba masikio, mnakwenda nyumbani kumwandika Jack.

Mnalalamika Kiswahili hakina maneno ya vyombo vya anga. Si kweli. Kina jeki, spana, gasketi, kuchomelea, kupoza injini, kuvuta nati, kukaza mkanda, kupuliza chujio. Kina utingo, neno ambalo sijaona lugha ya mzungu inayolifikia, mtu ambaye si dereva, si fundi, si abiria, ila bila yeye hakuna safari. Chombo cha anga lazima kiwe na utingo. Juu huko kuna Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, na kuna Kilimia, zile nyota ambazo jina lake limetoka kwenye kulima. Wataalamu wa lugha nao waendelee na ligi yao ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, mwandishi asiwasubiri. Mhusika wako akiwa amepigwa na shoti ya umeme hatauliza kamati iite nini. Atapiga kelele, "Zima mashine!"

Anayelijua hili vizuri kuliko sisi sote ni mtafsiri wa kibanda cha video. Msicheke. Yule jamaa mwenye maiki kibandani, anayewaeleza watu filamu ya Kimarekani ya anga huku filamu inakwenda, amefanya kazi ambayo sisi waandishi tumeikimbia. Kwake adui wa sayari nyingine ana deni la kodi ya nyumba. Mkuu wa chombo anamwambia rubani, "Dogo, usinitanie, mimi ni shemeji yako." Roboti lina kiburi kama karani wa halmashauri. Watu wanacheka, kisha mhusika anakufa na kibanda kizima kinanyamaza. Yule bwana hakusoma chuo, ila amejua kwamba hofu ya kukwama ni ya kila mtu, na kinachotakiwa ni kuisema kwa mdomo wa hapa. Mwandishi wa hadithi fupi anayemdharau na amfuate kwanza jioni moja, alipe kiingilio, anyamaze, asikilize.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu. Alilitoa mama mmoja anayeuza chai hapo stendi, alipotusikia tukibishana. Alisema, "Wanangu, mnakwenda mwezini, na maji ya bomba je?" Tukakosa la kujibu kwa muda, nami sitaki kulijibu kwa maneno mepesi. Mtu aliyebeba ndoo tangu alfajiri ana haki ya kuona roketi ni utani.

Lakini hebu isomeni hadithi ya yule binti. Chombo chake kimekwama nyuma ya mwezi, upande ambao redio ya duniani haifiki. Ndani mna watu saba. Mashine ya kusafisha maji imepasuka, yamebaki mapipa mawili. Wale wanaowashambulia hawana pembe wala macho ya kijani. Ni chombo cha kampuni nyingine, kina wafanyakazi kama wao, nacho kimekwama, nacho kina kiu. Mwenye zamu ya kugawa maji ni mwanamke aliyekulia Mlowo. Anapima kwa kifuniko cha chupa. Anajua nani anajifanya mgonjwa. Anakumbuka foleni ya bombani, nani alikuwa akipitisha ndoo ya shangazi yake mbele, nani alipigwa kwa sababu ya dumu. Mlango unagongwa kutoka nje, bila sauti, ila mtikisiko tu anausikia mkononi kupitia chuma. Na amri ya kufungua au kutofungua imebaki kwake.

Nilimsomea yule mama wa chai kurasa za mwisho, wateja wakimsubiri. Alipofika kwenye kugonga aliweka birika chini. Aliniuliza jambo moja tu: "Hao wa nje, wana watoto?"

Kwa hiyo anga ni mazingira ya nani? Mhariri alisoma roketi akaacha kuona kifuniko cha chupa. Mama aliona kifuniko cha chupa, roketi wala haikumsumbua.

Sisemi hadithi ni kamilifu. Rubani wake anaongea kama mwongozo wa redio ya Kichina, na ukurasa wa nne kuna aya mbili za kueleza mtambo ambazo ningezifyeka kwa panga. Tena kuna tangi linalovuja mwanzoni ambalo hakuna aliyekuja kuliziba mpaka mwisho. Hapo amewaudhi mafundi wote wa Mlowo. Nimemwambia. Amekasirika, siku tatu hakuja kijiweni, siku ya nne akaja na ukurasa mpya, tangi limezibwa kwa sabuni ya mche.

Ndugu Mhariri wa jarida hili, nimeiambatanisha pamoja na makala haya. Ni kurasa kumi na mbili sasa. Mkiwa na nafasi ya mmoja tu kati yetu, litoeni jina langu, mweke hadithi.